Maombi Niliyomwandikia Kazija

Kiponda, Unguja
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Dada Ibtisam,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada yangu.

Kuna mlio wa nyundo ambao haujanitoka masikioni tangu mwaka jana, na huo ndio ulionikalisha leo kukuandikia. Lakini adabu kwanza. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, au ile dawa ya kuchua bado anaificha chini ya mto ili asipakwe? Shemegi Abdulhakim anaendeleaje, na watoto wameshazoea skuli mpya? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Ninakula, ninakwenda kazini, ninarudi. Mengine utayakuta mbele.

Najua utauliza kwa nini barua, wakati kila siku tunaandikiana kwenye simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata nafasi ya kulainisha maneno. Barua hii nampa Mudrik, jirani yangu hapa, anapanda boti ya Jumamosi kuja huko Wete, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Tafadhali isome peke yako kwanza, Mama akiwa amelala au amekwenda kwa majirani. Nafasi yangu ya kusoma sheria na nyumba ya Kazija zimesimama juu ya karatasi moja, na wewe hujaambiwa ukweli wa karatasi hiyo.

Nyundo yenyewe ilikuwa ya Jaku, aliyekuwa mume wa Kazija. Ilikuwa Mfungo Mosi ya mwaka jana, wiki mbili baada ya Idi. Mimi na Kazija tulisimama nje ya ile nyumba ya Mwanakwerekwe, yeye ameshika kikapu cha kofia zake, na Jaku anapigilia komeo jipya mlangoni. Unamjua Jaku, hana haraka. Alipiga misumari sita. Kila msumari aliupiga, akasita, akautazama kama ameridhika nao, akaupiga tena. Majirani walitoka wakajifanya wanaanua nguo. Kazija hakulia wala hakumtukana. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama hivyo ndivyo sheria inavyosema. Nikamjibu kwamba sheria haisemi hivyo, na kwamba kuna mtu huko mahakamani ameyaharibu maombi yake.

Hilo ndilo jawabu nililompa, Ibtisam. Likumbuke.

Sina haja ya kukueleza Kazija ni nani kwetu. Wewe ndiye uliyegawana naye ziwa la Mama, mkinyonya pamoja miezi saba, wakati mama yake amelazwa. Mimi nimezaliwa nikamkuta dada. Kwa hiyo Jaku alipokwenda zake Tanga akakaa miaka mitatu, haleti chakula wala salamu, na Kazija akaamua kwenda kwa kadhi, hakutafuta wakili. Alikuja kwangu. Alisema kama nina shahada ya kutunza nyaraka basi kuziandika kutanishinda vipi, na tangu siku ile akaanza kuniita hakimu. Mtaani hapa nilikuwa nimeshawaandikia wanawake watatu au wanne maombi yao ya mahakamani, na kila mmoja alirudi akinishukuru. Ilinipendeza. Niliona ni kazi ninayoiweza.

Siku ya kesi sikuwepo, ofisi haikunipa ruhusa. Nilipewa khabari na Kazija mwenyewe kwa simu: ameachwa, na mambo yamekwisha upesi kuliko alivyodhani. Baadaye ndiyo tukaelewa. Kilichoandikwa kwenye maombi yake hakikuwa kumtaka kadhi aivunje ndoa kwa sababu mume amemtelekeza. Kiliandikwa khului, yaani mke anajikomboa mwenyewe, anaacha kitu ili aachwe. Na kitu chenyewe kilitajwa: nyumba na vyote vilivyomo. Kadhi alimsomea haraka, kwa lugha ya kisheria, akamuuliza kama hilo ndilo ombi lake. Kazija akajibu naam, kama alivyoandika mdogo wangu. Jaku alikuja na ugomvi wake tayari kifuani, akakuta hauhitajiki. Akasema amekubali. Wakaandika, wakasaini.

Kiwanja kile walikinunua pamoja, lakini matofali yote yalitokana na kofia. Wewe umeona mkono wake. Kofia moja ya viua, ya kudariziwa kwa mkono, miezi miwili na nusu, macho yameinama juu ya tundu ndogo kuliko punje ya ufuta. Sasa yuko Kidichi kwa shangazi yake, analala chumba kimoja na magunia ya mdalasini.

Jioni ya misumari ile niliwaeleza nyote kwenye simu kwamba karani aliyepokea maombi, yule Simai wa hapa Kiponda, ndiye aliyeyabadilisha, ama kwa uzembe ama kwa kuhongwa na Jaku. Mama alimwapiza. Wewe ulimpigia mkewe ukamwambia asikuite tena somo, urafiki umekwisha. Shangazi zetu hapa mjini waliacha kupokea salamu yake, na mtu mzima yule, aliyebakiwa na miaka miwili tu kustaafu, akawa anapita uchochoro wa nyuma ili asikutane nasi. Nimemwona kwa macho yangu. Nilikuwa dirishani.

Baada ya hapo ndiyo nikaanza kusema nataka kusoma sheria. Mlidhani ni hasira, na kwa kweli hata mimi nilijaribu kudhani hivyo. Niliomba chuoni kwenye vile viti vya watu ambao tayari wana shahada nyingine. Viti hivyo ni vichache, na fomu inakutaka ueleze, kwa maneno mia tano, kwa nini mtu aliyekwisha kusoma arudi kuanza upya. Wengi, naamini, waliandika kuhusu kuipenda haki. Mimi niliandika kuhusu Kazija. Niliandika komeo, kofia, misumari. Niliandika kwamba nilimwandikia ndugu yangu maombi sahihi, yakaingia mahakamani sahihi, yakatoka yakiwa maombi ya mtu mwingine. Niliandika kwamba nimetunza nyaraka za watu miaka mitatu na najua karatasi inaweza kumfanya nini mtu asiyeisoma.

Waliniita kwenye usaili. Walikaa watano nyuma ya meza moja. Mzee mmoja mwenye miwani mizito aliniuliza kama hii shahada ya pili naitaka ya kuvaa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia una bangili tayari. Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Akaniuliza pia kama nyumbani wanajua kwamba nitamaliza nikiwa na miaka thelathini. Nikamjibu kwamba mama yangu anajua, na ameshawaambia watu wote wa Wete. Hapo walicheka kwa dhati. Nilikumbuka ulivyonisimulia ile harusi, shangazi alipouliza mwanamke wa shahada mbili atapikiwa na nani, na Mama akamjibu kwamba atapika mwenyewe huku akimshitaki mumewe.

Kati ya wale watano alikuwepo mwanamke mmoja tu, Bi Bahiya, wakili mwenye ofisi yake Vuga. Hakucheka wala hakuniuliza suali. Alikuwa na maelezo yangu mkononi, na kidole chake kilikuwa juu ya ule mstari wa misumari. Nilitoka pale nikaenda hadi Forodhani, nikakaa ukutani bila kununua kitu, mpaka nikaona watu wa mishikaki wanapanga meza zao. Nilijua nimepata. Na nilijua nimepata kwa nini.

Majina yalitoka mwisho wa Septemba, na langu lilikuwepo. Wewe ulipiga vigelegele kwenye simu mpaka mtoto akaamka. Siku ya pili yake Bi Bahiya akanipigia. Alisema kisa cha ndugu yangu hakimtoki kichwani na hapendi kibaki kuwa kisa cha fomu ya chuo. Atamsimamia Kazija bila kudai chochote. Muda wa rufaa umepita, ndiyo, lakini ataiomba mahakama iruhusu rufaa iliyochelewa, kwa sababu maombi yalichezewa. Wataanza na yule karani. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu: nakala ya yale maombi kama nilivyoyaandika mimi, yenye saini ya Kazija, kabla hayajafika mahakamani. Akanipa wiki moja na nusu.

Sasa nakuomba uvute pumzi, dada yangu.

Simai hakubadilisha kitu. Maombi yaliyosomwa na kadhi ni yangu, neno kwa neno. Niliyachapa kwenye lile duka la steshenari la Mcha, Mkunazini, siku ambayo mashine zake mbili kati ya tatu zilikuwa mbovu na watu wamepanga foleni nyuma yangu. Mcha huhifadhi kila kitu tunachochapa kwake, na hujisifu kwamba kompyuta yake ina wanawake walioachwa wengi kuliko daftari la kadhi. Aliniambia nisijisumbue kuanza upya, niyafungue ya Bi Shadya, mmoja wa wale niliokwisha kuwaandikia, nibadilishe majina, kwani ndoa zote zinafanana zikifika kwake. Mimi huyo msomi nikaona ni sawa. Bi Shadya alijikhului. Nyumba ilikuwa ya wakwe zake, na alifurahi kuiacha na vyote vilivyomo. Nilibadilisha jina la mke, jina la mume, tarehe ya ndoa, mtaa. Nikaandika upya ile sehemu ya kutelekezwa, vizuri kabisa, nikajipongeza. Aya ya mwisho, ile inayosema mwombaji anataka nini, sikuigusa. Sikuisoma.

Kazija alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na kofia yake. Nilimletea karatasi, nikamweleza kwa mdomo kilichomo, yaani kile nilichodhani kimo. Angeweza kuisoma mwenyewe, taratibu. Alisaini kwa sababu niliyemletea ni mimi.

Siku ya misumari nilikuwa sijui. Naapa sikujua, na nilivyomsingizia Simai nilimsingizia kwa hasira na kwa ujinga. Lakini siku kumi na mbili baadaye nilikwenda kwa Mcha kuchapa barua ya ofisi, nikaliona faili lenye jina la Kazija, nikalifungua. Nilisoma aya ile nimesimama. Mcha akaniuliza kama mashine imeganda. Nikamwambia ndiyo.

Tangu siku ile hadi wiki iliyopita ni mwaka na miezi mitano. Nilikuwa najua Mama alipoendelea kumwapiza Simai. Nilikuwa najua nilipojaza ile fomu, na kila sentensi niliyoiandika niliipima kama itasimama. Ninapojichungulia ndani, dada, linalonitisha zaidi ni hili: niliyaandika maneno yale mia tano nikilia, na kilio kilikuwa cha kweli.

Na sijamaliza. Bi Bahiya aliponitaka nakala, nilirudi kwa Mcha. Nikalifungua lile faili la Kazija, nikafuta aya ya khului, nikaandika ile ambayo ningepaswa kuiandika siku ya kwanza, nikaweka tarehe ya mwaka jana, nikachapa. Mcha alisema kwa utani kwamba mimi ndiye mteja pekee anayeandika talaka za zamani. Kisha Jumatano ya wiki iliyopita nikaenda Kidichi na karatasi hiyo ili Kazija aisaini.

Alikuwa ukumbini amekunja miguu, kofia imevishwa kwenye bakuli mapajani, sindano mdomoni. Akasema, ehe hakimu, leo umekuja kunioza au kuniacha tena? Shangazi yake akacheka jikoni. Nilimwambia ni karatasi ya wakili, kuna matumaini ya nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa masuali. Nilikuwa na uongo wa kila suali. Hakuuliza hata moja. Alijifuta mkono kwenye leso, akaniuliza asaini wapi, akasaini. Halafu akaniambia nisiondoke bila kunywa chai, nimekonda, sheria itanimaliza.

Ile chai niliinywa, Ibtisam. Nilikaa pale nikanywa kikombe kizima huku wino wake unakauka ndani ya faili langu la plastiki. Nilijiona kwa nje, kama mtu anayemtazama mwizi kupitia ufa. Mara ya kwanza nilimsainisha bila kujua. Mara hii nilijua kila neno, na nilijua kwamba karatasi ile ikifika kwa kadhi, Simai atashitakiwa kwa kughushi, na shahidi wa kwanza dhidi yake nitakuwa mimi. Nilijua pia kwamba Kazija ataulizwa kama hiyo ndiyo karatasi aliyosaini mwaka jana, na atajibu naam, kama alivyoniambia mdogo wangu. Angekula yamini juu ya uongo wangu na asijue.

Siku ya pili, Alhamisi, nilikwenda Vuga. Bi Bahiya alikuwa anakula ubuyu, kokwa anazipanga kwenye kisahani. Niliweka karatasi mbili mezani, ile ya kweli, yaani nakala ambayo mahakama ilimpa Kazija, na hii niliyoitengeneza. Nilimwambia ipi ni ipi, na nani aliyezitengeneza zote mbili. Alizisoma polepole, mara mbili. Aliniuliza kama Kazija anajua. Nikasema hajui. Aliniuliza kama karani anajua. Nikasema sijui kama anajua. Akazisogeza kokwa kwa ncha ya kalamu, moja moja.

Alipozungumza, hakupandisha sauti. Alisema amewahi kuona mawakili wakifutwa kwa madogo kuliko haya, ila mimi nimewashinda, nimejifuta kabla sijaanza. Alisema karatasi ya pili haitatoka ofisini kwake, akaichana mbele yangu mara nne. Kisha akaniambia kwamba rufaa bado inawezekana, na pengine sasa ina nguvu zaidi, lakini kwa njia moja: mimi nile kiapo kwa maandishi kwamba maombi yale niliyaandika mimi, niliyanakili ya mtu mwingine, na mwombaji alisaini bila kusomewa. Kiapo hicho kitakuwa kwenye jalada la mahakama, na wakili wa Jaku atanisimamisha na kuniuliza kuhusu kila kitu, pamoja na fomu ya chuo. Nikamuuliza kuhusu chuo. Akasema yeye hatapeleka neno huko. Alinipa alama za juu, na aibu ya kuzifuta si yake. Alisema kama bado nataka kuwa wakili basi hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza, na huenda ikawa ya mwisho.

Jumamosi nilirudi Kidichi. Nilimweleza Kazija yote. Hakuacha kushona. Nilipomaliza aliniambia nimsomee ile karatasi ya mwaka jana, yote, tangu jina la mahakama. Nilipofika aya ya mwisho akanisimamisha, nikairudia. Akasema, kwa hivyo nilimwitikia kadhi suali la Bi Shadya. Akacheka kidogo, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Mimi nikaanza kulia, akaniambia nisilie karibu na kofia, ina mwenyewe.

Halafu akaniuliza nimejua tangu lini.

Nilimwambia. Aliweka sindano chini. Alisema kwamba katika muda huo ameshona kofia saba ndani ya chumba cha magunia, na kila kofia alikuwa ananiombea dua nifaulu. Akaendelea kwamba hatanipa radhi leo, kwa sababu ananijua, nikiipata nitakwenda nayo nyumbani nikalale usingizi. Mahakamani atakwenda, nyumba anaitaka, lakini niende mimi kwanza nikaseme, na siku hiyo nisikae karibu naye. Chai hakunipa. Nilipofika mlangoni akaniita jina langu, Yusra, si hakimu, akaniambia niiache ile karatasi, anataka kuisoma mwenyewe.

Jumapili baada ya alasiri nilibisha kwa Simai. Alinikaribisha barazani kama mgeni wa heshima, jambo ambalo lilinichoma zaidi kuliko kama angenifukuza. Nilimwambia nimekuja kusema nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alijua. Alipoyapokea maombi yale aliyasoma, akamuuliza Kazija mara mbili kama ana hakika, na Kazija akamwambia yameandikwa na msomi. Naye akajisemea, kama msomi ameona hivyo, mimi karani nina nini cha kuongeza? Nilimuuliza kwa nini hakujitetea mwaka mzima. Akasema hakuna mtu aliyemuuliza. Watu waliacha tu kumwamkia. Nakuomba, Ibtisam, umpigie mkewe wewe mwenyewe, na usimtume mtu.

Jumanne nimekula kiapo. Hati nimeiandika kwa mkono wangu kwanza, kila neno, ndipo ikachapwa, na Bi Bahiya amekwisha kuiwasilisha pamoja na ombi la rufaa. Tutasikilizwa mwezi ujao. Anasema haahidi kitu. Jaku ameshapata khabari, na ameanza kuwaambia watu kwamba familia yetu ni waongo watupu, na mara hii siwezi kumkanusha.

Salamu zangu nazitanguliza hapa, kwa maana nikishaandika lililobaki sitaweza kurudi kwenye salamu. Nisalimie shemegi, wabusu watoto, mwambie Mama nampenda na nakuja mwenyewe kumweleza, boti ya Ijumaa ya wiki ijayo, usimtangulizie. Najua atauliza atawaambia nini watu wa Wete. Mwache aulize. Na wewe usiniandikie haraka. Kama utakaa mwezi bila kunijibu nitaelewa, ila umjibu Kazija, amesema atakupigia.

Lililobaki ni la jana. Usajili wa chuo ni Jumatatu. Nilikwenda na barua yangu ya kukiri kwa katibu wa udahili, mtu mpole, aliisoma amesimama, kisha akaenda kufunga mlango. Alinirudishia. Alisema barua hii bado haina namba, kwa hivyo kwake si barua, ni karatasi tu niliyokuja nayo. Mahakama ni mahakama na chuo ni chuo. Naweza kuitia mkobani, Jumatatu nije kujisajili kama wenzangu, na kiti changu kipo. Kamati ikiisoma haitakuwa na mjadala mrefu, na baada ya hapo hatakuwa na la kunisaidia, mwaka huu wala mwaka mwingine. Alisema ana binti wa umri wangu. Alinihurumia kweli, na nilikaa na ile karatasi mkononi muda ambao sitaki kukuambia ulikuwa mrefu kiasi gani, kwa sababu kiti kile nakitaka, Ibtisam. Nakitaka mpaka sasa ninapoandika.

Lakini miaka mitatu nimetunza majalada ya watu, na najua barua isiyo namba huwa inakwenda wapi. Nilimwomba afungue daftari la barua zinazoingia. Akafungua. Akaandika namba, tarehe, jina langu. Alipofika safu ya mada akainua kalamu, akaniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike kwamba mwombaji amesema uongo katika maelezo yake. Akanitazama, kisha akaandika.

Mdogo wako,
Yusra